Ilpo Savijoki na Simu Iliyokata Mtandao Kila Ikifunguliwa

Itangazwe kwa wanachama wote wa jukwaa la Havu, walioko Ufini na wale waliokimbilia penye jua, ya kwamba leo Ijumaa, tarehe mosi Desemba, mwenzetu Ilpo Savijoki wa Tampere amekamilisha kazi itakayosimuliwa na vitukuu. Ameupandisha mfumo wetu huria juu ya simu mpya ya kibodi, ile tunayoiita Tofali, na Tofali limenena. Tusimame kwa heshima dakika moja. Walioko saunani wanaruhusiwa kubaki wameketi.

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo la Pentti Ruuska, mwenyekiti wa jukwaa, mwalimu mstaafu wa fizikia kule Kuopio na mmoja wa watu wachache nchini Ufini wanaoongea bila kulazimishwa na polisi. Liliendelea kurasa mbili. Humo ndani Ilpo alifananishwa na mabaharia wa kale, na taa za kaskazini, na kulungu wa theluji, ijapokuwa kulungu wa theluji hajawahi kusifiwa kwa kazi yoyote ya kompyuta.

Tuyaache makofi kidogo, tumtazame mwenye sifa zake.

Ilpo ana miaka hamsini na sita, ndevu za mtu aliyesahau kunyoa na wala si za mtu aliyeamua kufuga, na kazi ya kutunza majengo manne ya ghorofa huko Hervanta. Anasukuma theluji, anabadilisha taa za ngazini, anazibua sinki ambazo wenyewe wanaapa hawakumwaga mafuta. Zamani alikuwa mhandisi katika kampuni kubwa ya simu, miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa bawaba. Zile simu ambazo uso wake ulisukumwa kando, kibodi ikatokeza chini yake kama droo ya vijiko, mlio wake wa "tak" ulipitia mkononi mwa Ilpo. Kampuni ilipoanguka, wahandisi walitoka getini na maboksi yao, na kwa miaka kadhaa dereva teksi yeyote pale mjini aliweza kukueleza antena inavyofanya kazi. Ilpo alichukua koleo la theluji, na kila mchana akishamaliza ngazi zake aliketi katika chumba cha kufulia cha jengo B, penye joto na penye meza, akawa mmoja wa wendawazimu wa Havu.

Havu ni mfumo wa simu usio na mwenyewe. Hauna kampuni, hauna matangazo, haukuulizi siku yako ya kuzaliwa. Unatengenezwa na watu wapatao mia mbili bila malipo, wakati wa ziada, kwa kununa. Kila simu mpya ikitoka, mmoja wao hujitolea kuuhamishia mfumo humo, na kwa miezi kadhaa huwa hana raha wala hamu ya kula.

Safari hii alijitolea Ilpo, na si kwa ajili ya vitukuu wa mtu yeyote. Alijitolea kwa ajili ya mama yake.

Mama Hilja ana miaka themanini na mitatu na anaishi peke yake ghorofa ya nne mtaa wa Tammela, hatua mia moja kutoka sokoni anakonunua soseji yake ya damu mwenyewe na kumkemea muuzaji mwenyewe. Majira ya kuchipua alianguka bafuni, akalala pale sakafuni kwa muda wa saa tano. Binti yake Sirkku, dada mkubwa wa Ilpo, tangu siku ile hajapata usingizi wa maana. Ndipo yakafikiwa makubaliano ya familia, yaliyojadiliwa kwa maneno yasiyozidi thelathini: kila asubuhi kabla ya saa moja na nusu Mama atatuma ujumbe kwa wanawe. Asipotuma, Sirkku anawasha gari. Akishindwa kabisa kutuma, anahamia Koivula, nyumba ya wazee yenye bustani, piano na chakula cha jioni saa kumi alasiri.

Tangu hapo kila asubuhi ulikuja ujumbe uleule wa neno moja: "Hai."

Aliutuma kwa simu ya zamani ya kibodi, bawaba ya Ilpo mwenyewe, yenye umri wa miaka kumi na tano. Na sasa kampuni ya mtandao ikaleta barua: mtandao wa zamani utazimwa mwisho wa Novemba, wateja wapendwa wanunue simu mpya, asanteni kwa kuwa nasi. Wateja wapendwa wote walikuwa wamekwisha nunua simu mpya, isipokuwa Mama Hilja.

Sirkku alimletea ile simu ya wazee yenye vitufe vikubwa. Mama aliitumia siku mbili, akaitia kwenye droo ya mishumaa. Alisema yeye si mgeni wa mtu, hawezi kubisha mara tatu ndipo herufi moja imfungulie. Simu ya kioo nayo ilikuwa haina maana. Miaka thelathini na minane kiwandani, nyuzi za pamba zimepita kwenye ncha za vidole vyake hadi zikawa kavu na ngumu kama ganda la mkate mweusi, na kioo kikiguswa nazo hakisikii kitu. Kioo kinamchukulia kama maiti. Daktari alipendekeza mafuta ya mikono. Mama alipendekeza daktari mwingine.

Kwa hiyo Tofali. Liliagizwa kutoka mbali, likachelewa mwaka mmoja na nusu, likafika Agosti likiwa zito, jeusi, na kibodi kamili yenye safu tano. Ilpo alilifungua, akasikia "tak", akafumba macho. Kisha akaliwasha, akagundua kwamba mfumo liliokuja nao unataka kwanza upapase kioo ndipo ufungue mlango, upapase tena kukataa matangazo, upapase mara ya tatu kukubali kwamba umekataa. Katika Havu, kila kitu kinawezekana kwa kibodi peke yake. Ilpo akahesabu: Septemba, Oktoba, Novemba. Miezi mitatu. Alishawahi kutengeneza bawaba kwa muda mfupi kuliko huo.

Wiki ya kwanza Tofali lilikataa kuwaka. Wiki ya tatu liliwaka, likaonyesha maandishi kichwa chini. Wiki ya tano kibodi ikafanya kazi yote isipokuwa kitufe cha nafasi, na Ilpo akaandika ripoti yake yote jukwaani bila kuacha nafasi, ili wenzake waone anavyoishi. Mwanzoni mwa Oktoba simu ikapiga simu. Ilpo alimpigia Mama, Mama akapokea, wakasikilizana wakipumua kwa muda, wakaagana. Ilikuwa siku njema.

Siku iliyofuata akagundua jambo.

Tofali likiwa limefungwa, mtandao ulikuwa umesimama imara, vijiti vitano kamili. Ukilisukuma uso kando ili kibodi itokeze, "tak", mtandao unakufa. Ukilifunga, mtandao unafufuka, lakini kibodi imejificha chini. Yaani simu iliweza kutuma ujumbe wakati wowote isipokuwa ule ambao ungeweza kuuandika.

Ilpo alilifungua na kulifunga mara arobaini, taratibu, kama mtu anayejaribu kumshtukiza paka. Akalifungua kidogo. Akalifungua likiwa kichwa chini. Akalifungua akiwa amelipa kisogo. Mwanamke wa ghorofa ya pili, aliyekuja kutoa shuka zake kwenye mashine, alisimama akamtazama, akatoka na shuka zikiwa bado zinachuruzika maji.

Basi akarudi kwenye orodha ya nyaya. Wenye kiwanda walikuwa wametoa orodha ya kurasa tisini na sita, kila waya mdogo ndani ya Tofali na namba yake: huu wa taa, huu wa sauti, huu wa swichi inayoiambia simu kwamba kibodi imefunguliwa. Swichi ya bawaba ilikuwa laini ya arobaini na moja. Ilpo alihakikisha kwamba ameandika arobaini na moja, na kweli alikuwa ameandika arobaini na moja. Kwa wiki saba alitilia shaka kila kitu duniani: mfumo, betri, antena, waya wa kuchajia, unyevu wa chumba cha kufulia, akili yake. Orodha hakuitilia shaka hata mara moja. Ilikuwa imechapwa. Ilikuwa na nembo, na tarehe, na juu yake pameandikwa "toleo la mwisho". Mtu aliyelelewa Ufini anaweza kumshuku mchungaji na mkwe wake, lakini karatasi yenye tarehe anaiamini hadi kaburini.

Jukwaani aliripoti kila wiki. Aliandika: "Mtandao unakatika kibodi ikifunguliwa." Wiki iliyofuata: "Mtandao bado unakatika." Nyingine: "Bado." Chini ya kila ripoti ulikuja msafara wa majibu, na yote yaliuliza kitu kimoja: na kamera je? Jamaa wa Oulu alitaka kujua kama itampiga picha mbwa wake akiwa anakimbia. Mwingine akauliza kama itaona gizani. Pentti, kwa niaba ya uongozi, aliuliza kwa ujumla kuhusu hali ya kamera, kwa aya tatu. Ilpo hakumjibu hata mmoja. Kamera alikuwa hajaigusa. Alikuwa anajenga nyumba isiyo na mlango, na watu wanauliza rangi ya mapazia.

Jumatano, siku moja kabla ya mtandao wa zamani kuzimwa, Sirkku aliwaita wote nyumbani kwa Mama. Alikuja na bahasha ya Koivula na simu mpya ya kioo, bado ina utando wake wa plastiki. Koivula walikuwa wamepata chumba, wangekishikilia hadi Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo kingekwenda kwa mwingine, na kingine huenda kikachukua mwaka.

Sirkku si mtu mbaya. Ni muuguzi, ameokota wazee wengi sakafuni. Aliiweka simu mezani mbele ya Mama, katikati ya kahawa na mikate ya iliki, akamwomba ajaribu mara moja tu, aandike neno lake lile lile.

Mama akavaa miwani, akabonyeza, kioo kikakaa kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Akabadilisha kidole. Akakipumulia kidole, akakipangusa kwenye aproni, akabonyeza tena kwa adabu, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango wa jirani mgonjwa. Hakuna. Mara ya sita kioo kilijifungua chenyewe, kikampigia simu fundi wa bomba mjini Turku.

Mama akavua miwani. "Nikienda Koivula," akasema, "nitabonyeza nini?"

"Kule hubonyezi kitu, Mama. Kuna watu."

"Hapa pia kuna watu. Wako huko chini barabarani. Nikiwataka nashuka."

Sirkku akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, hilo dude lako? Miezi mitatu, Ilpo."

Ilpo akalitoa Tofali mfukoni, akalifungua, "tak", akawaonyesha vijiti vitano vikitoweka. Akalifunga vikarudi. Sirkku akaimwagia maziwa kahawa ambayo tayari ilikuwa na maziwa.

"Ijumaa asubuhi," akasema mwishowe. "Nikipata 'Hai', narudisha hizi karatasi. Nisipopata, nazisaini, na msinichukie."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya wanaume kuoga mvuke katika sauna ya majengo yale manne, saa kumi na moja hadi kumi na mbili jioni. Kwa miaka kumi na mmoja Ilpo alikuwa ameketi benchi la juu na watu walewale wawili: dereva wa basi mstaafu, ambaye jina lake Ilpo alikuwa amelisahau mwaka wa pili na sasa ilikuwa aibu kuuliza, na Tarmo Vesterinen wa jengo C, mtu mrefu, mwembamba, mwenye goti bovu. Katika miaka hiyo yote, maneno waliyosemezana yangeenea nyuma ya stempu. "Niongeze maji?" "Ongeza." Mwezi Januari: "Baridi." Huo ndio uzuri wa sauna. Unaacha nguo mlangoni, unaacha na kazi yako mlangoni, na anayeiingiza ndani ni sawa na aliyeingia na viatu.

Jioni ile Ilpo aliingia na viatu.

Hakukusudia. Alikuwa ameketi, jasho linamtiririka kwenye nyusi, mara akasikia sauti ikisema, "Ukilifungua, mtandao unakufa," na sauti ilikuwa yake. Haikuishia hapo. Ikaeleza habari ya Tofali, na wiki saba, na vijiti vitano, na Mama kumpigia fundi bomba wa Turku. Ikakaribia kulia, jambo ambalo hata kwenye misiba halifanywi kwenye benchi la juu.

Dereva wa basi akachukua taulo lake akatoka bila neno, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wanandoa wanagombana.

Tarmo akachota maji, akayamwagia mawe. Mvuke ukapanda, ukawafunika, ukashuka.

"Swichi ya bawaba," Tarmo akasema.

"Najua ni swichi ya bawaba. Mimi nimekula mshahara wa swichi ya bawaba miaka kumi na minne."

"Umeiandika laini gani?"

"Arobaini na moja. Kama ilivyo kwenye orodha."

"Orodha imekosea. Swichi iko arobaini na nne. Arobaini na moja ndiyo inayozima redio ya simu, ile inayoshika mtandao."

Ilpo akageuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akamtazama jirani yake usoni. "Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa upande wa redio. Ghorofa ya tatu."

"Ghorofa ya tatu ya wapi?"

Tarmo akaelekeza kidevu upande ambako zamani palikuwa na kampuni. Ilpo alikuwa ghorofa ya pili. Miaka kumi na minne, mtu huyu alikuwa akitembea juu ya kichwa chake.

"Na Tofali?"

"Ninalo. Nililifumua nikafuata waya."

"Lini?"

Tarmo akafikiri kwa uaminifu. "Septemba."

Ilpo akahesabu Alhamisi tangu Septemba. Alipofika kumi akaacha kwa ajili ya moyo wake. "Tumekaa hapa kila wiki. Mbona hukusema?"

"Tulikuwa saunani."

"Na jukwaani? Jukwaani husomi?"

"Nasoma kila siku."

"Sasa?"

"Uliandika kwamba mtandao unakatika," Tarmo akasema. "Najua unakatika. Hukuuliza kitu."

Ilpo alirudisha kichwani ripoti zake zote tangu Oktoba, na kweli, hakuna hata moja iliyokuwa na swali. Kuuliza ni kumsumbua mtu. Na mtu asiyeulizwa akijibu, anajifanya mjuaji. Wote wawili walikuwa wamefanya kama walivyofundishwa na mama zao, na matokeo yake mama mmoja alikuwa anakaribia kula chakula cha jioni saa kumi alasiri.

Alishuka benchini kabla zamu haijaisha, akavuka uani katika baridi ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, nywele zikigandia kichwani na kusimama, akaingia chumba cha kufulia. Akafuta moja, akaandika nne. Kompyuta ikasaga kwa dakika thelathini na tano, na mashine namba mbili ikimfulia mtu mazulia kando yake. Kisha akaumwaga mfumo ndani ya Tofali, akaliwasha, akalifungua.

Tak. Vijiti vitano.

Akalifunga, akalifungua. Vitano. Alisema neno moja la Kifini ambalo halitafsiriwi katika vitabu vya heshima, na kwa kuwa alilisema polepole na kwa upendo, lilikuwa karibu sala.

Saa moja na nusu jioni alikuwa mezani kwa Mama. Mama alilipima Tofali mkononi, akalisukuma uso kando, akasikiliza.

"Mlio si kama wa ile ya zamani."

"Bawaba si yangu."

"Ndiyo maana," Mama akasema. Akaziinamia herufi na vidole vyake vya kiwandani, na kila herufi aliyoibonyeza ilikubali mara moja kwamba huyu ni mtu na yuko hai. Alipomaliza kujaribu akatazama chini ya meza. "Mbona umekuja huna soksi?"

Ijumaa saa moja na dakika nne asubuhi, Ilpo akiwa mlangoni pa jengo A na koleo lake, simu ilitetemeka. "Hai." Dakika kumi baadaye Sirkku akapiga. Yeye alikuwa amepata ujumbe wa pili pia, unaosema kioo chake kiko kwenye bahasha yake ya Koivula aliyoiacha mezani, aje akichukue.

"Nimewaambia wampe chumba mtu mwingine," Sirkku akasema.

"Sawa."

"Kwa sasa, Ilpo."

"Sawa."

Akasikia dada yake anapenga kamasi, kisha simu ikakatwa. Ilpo akamaliza theluji ya jengo A na ya B. Alipofika jengo C alitundika kwenye kitasa cha Tarmo mfuko wa mikate ya iliki ya Mama, hakuandika kitu, hakubisha hodi. Kisha akaenda chumba cha kufulia, akapeleka jukwaani namba iliyosahihishwa, akaongeza kwamba iligunduliwa na T. Vesterinen, mwezi wa Septemba.

Saa nne Pentti akatoa tangazo lake. Kufikia saa sita mchana, saa ambayo chumba cha Koivula kilipata mwenyewe, watu sitini na watatu walikuwa wamepiga makofi ya maandishi. Mmoja alisema ametokwa na machozi. Jamaa wa Oulu alituma picha ya mbwa, iliyopigwa kwa simu nyingine. Chini kabisa Pentti, akiwa bado hajatosheka, akaandika kwamba historia imeweka masikio wazi, jukwaa zima limesimama, na linamwomba shujaa wake maneno machache ya kuwaachia wajao.

Ilpo aliyasoma hayo akiwa ameketi juu ya mashine namba mbili, kikombe cha kahawa mkononi, na soksi miguuni. Akayasoma tena. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa jambo lenyewe lilihitaji usahihi. Kisha akaandika:

"Kamera haifanyi kazi."